Pensheni ya Serikali na Mafao ya Hifadhi ya Jamii Marekani: Namna ya Kudai Kilicho Chako

Mwalimu aliyefundisha miaka 25 katika shule za serikali jimboni Texas huenda hakuwahi kukatwa kodi ya Hifadhi ya Jamii, ile asilimia 6.2 ya mshahara, kwa sababu wilaya nyingi za shule za huko hutegemea mfuko wa pensheni wa walimu peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kudai chochote, chunguza kama kazi iliyokupa pensheni ilikuwa na makato hayo. Fungua akaunti yako katika tovuti ya ssa.gov na usome mapato yaliyoandikwa mwaka kwa mwaka: ukikuta sifuri katika miaka uliyokuwa kazini, kazi hiyo haikuwa na makato. Ikiwa ulikatwa miaka yote, pensheni yako haikuwahi kuyagusa mafao, na yanayofuata hayakuhusu sana.

Wasiokatwa walibanwa na kanuni mbili. Ya kwanza, iliyotungwa 1983, ilipunguza mafao ya mtu mwenyewe aliyekuwa pia na kazi nyingine yenye makato. Fungu la kwanza la wastani wa mapato yake ya mwezi, ambalo kwa wengine huzidishwa kwa asilimia 90, kwake liliweza kushushwa hadi asilimia 40, hivyo mwenye wastani wa dola 1,000 angeweza kuhesabiwa dola 400 badala ya 900, ingawa punguzo halikuruhusiwa kuzidi nusu ya pensheni yenyewe. Kanuni hii iliwafikia hata baadhi ya wahamiaji waliokuwa na pensheni ya kazi waliyoifanya nje ya Marekani, jambo ambalo wengi waligundua siku walipopokea barua ya kwanza ya malipo.

Ya pili, ya 1977, ilikuwa kali zaidi kwa wajane. Theluthi mbili ya pensheni ya serikali ilitolewa katika mafao ya mke, mume au mjane. Chukua mjane mwenye pensheni ya dola 2,400 kwa mwezi ambaye angestahili dola 1,500 kupitia marehemu mumewe: theluthi mbili ni dola 1,600, kwa hiyo hakubakiwa na hata senti.

Kanuni zote mbili zilifutwa na sheria iliyotiwa saini tarehe 5 Januari 2025, na kufutwa huko kunahesabiwa kuanzia mafao ya Januari 2024. Waliokuwa tayari katika orodha ya malipo walirekebishiwa bila kuomba. Anayehitaji kuchukua hatua ni yule ambaye hakuwahi kuomba kwa sababu aliambiwa kwamba asingepata kitu. Huyo asingoje barua. Kwa kawaida malipo ya nyuma kwa mwombaji mpya hayazidi miezi 6, tena kwa aliyekwisha kufikisha umri kamili wa kustaafu, ambao kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea ni miaka 67, kwa hiyo kila mwezi wa kusitasita unaweza kuwa mwezi uliopotea.

Maombi ya uzeeni na ya mwenzi aliye hai yanaweza kufanyika mtandaoni, lakini ya mjane hupokelewa kwa simu au ofisini. Andaa cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na, inapohusika, cha kifo. Aliyetalikiwa naye anaweza kudai, mradi ndoa ilidumu angalau miaka 10. Maombi hayalipiwi, kwa hiyo anayekudai ada ili “akuharakishie” mkatie simu.

Usitarajie, hata hivyo, kulipwa mafao mawili kwa ukamilifu. Ikiwa mjane yule ana dola 400 za kazi yake mwenyewe, ataongezewa 1,100 ili zifike 1,500, hazitakuwa 1,900. Vilevile, nyongeza hiyo inaweza kutozwa kodi ya mapato, kwa kuwa mtu asiye na mwenzi ambaye mapato yake, yakihesabiwa pamoja na nusu ya mafao, yanapita dola 25,000 kwa mwaka huanza kutozwa kwenye sehemu ya mafao hayo.

Unapopiga simu, andika tarehe na uombe nia yako ya kudai irekodiwe siku hiyohiyo, kwani tarehe hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa ndiyo ya maombi, ikiwa fomu kamili itafika ndani ya muda utakaotajwa katika barua watakayokutumia.