Mchezaji wa timu ya chuo akituhumiwa udhalilishaji wa kingono: la kufanya

Afya kwanza, barua baadaye. Mfikishe aliyedhalilishwa kituo cha Mkono kwa Mkono, penye daktari, polisi na mshauri pamoja, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Dawa za kukinga VVU zianzwe ndani ya saa 72, tena mapema ndani ya muda huo, na zimezwe siku 28. Kabla ya kupimwa asioge, asifue. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kila nguo mfuko wake; mfuko wa plastiki hufungia unyevu na ushahidi huoza. Ujumbe wa simu usifutwe, hata wa matusi.

Kisha malalamiko ya maandishi kwa mlezi wa wanafunzi: tarehe, saa, pahala, nani alikuwepo. Baki na nakala iliyopigwa muhuri.

Kocha asichunguze. Hapa ndipo kesi nyingi huharibika: fainali inakaribia, nahodha anahitajika, wazee wa pande mbili wanaitwa, muhali, yaani kuoneana haya, unaingia, inatafutwa sulhu. Ubakaji ni jinai, haumalizwi barazani.

Mtuhumiwa naye apewe tuhuma kwa maandishi na nafasi ya kujieleza. Kumsimamisha timu kwa muda si hukumu, lakini wawili hao wasikutane uwanjani wala dahalia. Anayehama awe mtuhumiwa, si mlalamikaji. Kamati isiwe na mtu wa timu.

Chuo kisingoje mahakama: nidhamu ina kanuni zake. Mashahidi wahojiwe kabla ya likizo, maana wakishapanda boti kwenda Pemba, kuwakusanya tena ni kazi.