Somo: Namna ya kusawazisha mlinganyo wa kikemia bila ya kubahatisha

Assalaam alaykum. Wanafunzi wengi wa sekondari, Unguja na Pemba, hupoteza alama katika kusawazisha milinganyo si kwa sababu hesabu yake ni nzito, bali kwa sababu hubandika namba bila ya utaratibu, wakifuta na kuandika upya hadi daftari likachafuka. Utaratibu upo, nao umesimama juu ya kanuni aliyoithibitisha Antoine Lavoisier wa Ufaransa katika karne ya 18, kwamba katika mmenyuko wa kikemia, yaani vitu vinapobadilika kuwa vitu vingine, maada haipotei wala haizuki. Kwa hiyo atomu zilizoingia ndizo zitakazotoka, ila zimejipanga upya, na kusawazisha mlinganyo ni kuhakikisha kuwa atomu za kila elementi ni sawa kwa idadi kushoto na kulia kwa mshale.

Tuchukue propani, mojawapo ya gesi zilizomo katika mitungi ya kupikia, inapoungua:

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Hatua ya kwanza ni kuandika fomula sahihi, kisha usiziguse tena. Namba ndogo iliyo chini ya herufi ni sehemu ya kitu chenyewe. Anayeongeza oksijeni kwa kuandika H₂O₂ hajasawazisha chochote, kwani ameyaondoa maji na kuweka haidrojeni peroksaidi, dawa ya kusafishia vidonda na kupaushia nywele. Tunachoruhusiwa ni kuweka namba mbele ya fomula nzima, basi.

Hatua ya pili ni kuhesabu. Kushoto kuna kaboni 3, haidrojeni 8 na oksijeni 2. Kulia kuna kaboni 1, haidrojeni 2 na oksijeni 3.

Hatua ya tatu ndiyo roho ya somo hili. Anza na elementi inayopatikana katika fomula moja tu kwa kila upande, na ile iliyosimama peke yake, ambayo hapa ni O₂, iache mwisho, kwa kuwa namba utakayoiweka mbele yake haitavuruga elementi nyingine. Kaboni inatupa 3CO₂, haidrojeni inatupa 4H₂O. Sasa oksijeni ya kulia ni 6 na 4, jumla 10, nazo zinatimizwa na 5O₂:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Kisha hesabu upya pande zote mbili, hata kama una yakini.

Pana mtego mmoja unaostahili mfano wake. Yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu na ya makonyo (vikonyo vya karafuu), ina fomula C₁₀H₁₂O₂, yaani inaingia motoni na oksijeni yake. Ukishaweka 10CO₂ na 6H₂O, kulia kuna oksijeni 26. Mwenye haraka ataandika 13O₂, ilhali oksijeni 2 zimekwishaletwa na yujenoli, zimebaki 24 tu:

C₁₀H₁₂O₂ + 12O₂ → 10CO₂ + 6H₂O

Maswali ya wanachama

*Mwanafunzi, Wete:* Mwalimu, shikamoo. Nimejaribu butani, C₄H₁₀, nikafika kwenye oksijeni 13, nazo hazigawanyiki kwa 2. Nifanyeje?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Andika 6½ kwa muda, kisha zidisha kila namba kwa 2, pamoja na ile 1 isiyoandikwa mbele ya butani: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O.

*Mzazi, Makunduchi:* Mtoto wangu ameandika mlinganyo wa tanuri la chokaa, CaCO₃ → CaO + CO₂, hakuweka namba hata moja. Amekosea?

*Jibu:* Hakukosea. Kalisi ni 1, kaboni 1 na oksijeni 3 kila upande. Mlinganyo uliokwishasimama sawa hauongezwi kitu.

*Mwanafunzi, Mkoani:* Fomula zenye mabano zinanichanganya, hasa Al(OH)₃ + H₂SO₄ → Al₂(SO₄)₃ + H₂O.

*Jibu:* Kundi la SO₄ limevuka likiwa zima, basi lihesabu kama kitu kimoja badala ya kulivunja kuwa salfa na oksijeni. Kulia yapo makundi 3, kwa hiyo weka 3H₂SO₄. Alumini ni 2, kwa hiyo weka 2Al(OH)₃. Haidrojeni ya kushoto sasa ni 6 na 6, jumla 12, zinazotoa 6H₂O. Oksijeni zilizo nje ya kundi ni 6 kila upande. Njia hii ya mkato usiitumie pale ambapo kundi limevunjika njiani. Hapo rudi kuhesabu atomu mojamoja.