Kuzuia kitambaa cha kuchuja kisizibe chini ya dampo

Sakafu ya dampo lililojengwa kitaalamu ni utando wa plastiki. Juu yake hulazwa kokoto, na ndani ya kokoto hupita mabomba yenye matundu. Mahali fulani kati ya taka na bomba huwekwa kitambaa cha kuchuja, jiotekstaili. Maji meusi yanayochuruzika kwenye taka yakikosa njia, hujaa juu ya utando na kutafuta tundu la kuvujia ardhini. Kanuni za Marekani zinataka kina cha maji hayo juu ya utando kisizidi sentimita 30. Kitumie kipimo hicho hata kama sheria ya kwenu iko kimya.

Hatua ya 1: Jua kinachoziba

Tope limo, lakini si lenyewe tu. Bakteria hujenga ute kwenye nyuzi. Maji ya taka changa yana kalisi na asidi nyingi, ikiwemo ile ya siki. Vijidudu vinavyotengeneza gesi ya methani vinapoila asidi hiyo, uchachu hupungua, kaboneti huongezeka, na kalisi huganda kuwa chokaa. Kwenye dampo la Keele Valley, karibu na Toronto, Kanada, watafiti walifukua mfumo uliokuwa kazini na kukuta sehemu kubwa ya uchafu uliogandamana ni chokaa hiyo.

Hatua ya 2: Usilivishe bomba kitambaa

Ukikumbuka jambo moja tu, liwe hili. Piga hesabu: bomba la kipenyo cha milimita 200 lina mzingo wa mita 0.63. Mabomba yakiachana mita 20, kila mita ya bomba hupokea maji ya mita 20 za mraba za sakafu, na yote hupenya kwenye mita 0.63 ya mraba ya kitambaa. Mzigo huo ni takriban mara 32 ya ule ambao kingebeba kama kingetandazwa juu ya kokoto zote. Tena maji hukimbilia matundu ya bomba, kwa hiyo eneo linalofanya kazi ni dogo zaidi.

Kitandaze kati ya taka na kokoto. Hata huko kitaziba kidogo kidogo, ila maji yatakwama ndani ya taka, juu ya kitambaa, wala hayatalemea utando. Keele Valley ilionyesha faida nyingine: kokoto zilizokuwa chini ya kitambaa zilikutwa safi kuliko zile zilizogusana na taka moja kwa moja.

Hatua ya 3: Chagua kitambaa chenye matundu

Epuka kile kinene kama blanketi, maana ute hupata makao ndani yake. Chukua kilichofumwa kwa nyuzi nzima za plastiki, matundu yasipungue nusu milimita, na nafasi wazi ifike asilimia 30 ya eneo. Kile kinene kina kazi yake chini ya kokoto, kuukinga utando usitobolewe. Msiwachanganye mafundi kwa kuviita vyote jina moja.

Hatua ya 4: Kokoto kubwa, zilizooshwa

Kokoto za milimita 50 huchelewa kuziba kuliko changarawe. Walio Pwani wasitumie mawe ya matumbawe, kwani asidi huyala.

Hatua ya 5: Jaribu kwa maji ya dampo lenyewe

Bana kipande cha kitambaa ndani ya bomba angavu, kikae juu ya kokoto. Pitisha maji ya dampo bila kuingiza hewa, kwa miezi kadhaa. Kila wiki pima muda ambao maji huchukua kushuka kutoka alama ya juu hadi ya chini. Jaribio la maji ya bombani halikuambii lolote kuhusu ute wala chokaa.

Hatua ya 6: Fuatilia baada ya kufungua dampo

Weka mirija ya kupimia kina cha maji juu ya utando, na andika pampu inatoa kiasi gani. Kina kikipanda huku maji ya pampu yakipungua, njia imeziba. Kina kikiwa shwari lakini maji yanachuruzika kwenye miteremko ya dampo, shuku kitambaa cha juu kwanza.

Safisha mabomba kwa maji ya presha mapema, chokaa ikingali laini, na pitisha kamera kabla na baada. Presha hiyo haifiki kwenye kitambaa kilicho juu ya kokoto. Fanya yote ukiwa nje ya chemba, yaani shimo la kufikia mabomba: mle ndani mna methani na salfidi ya haidrojeni, na watu hufa humo.