Kabla hujalaza chakula: baridi ya Mbeya si friji

Huku Nyanda za Juu Kusini kiporo ni cha kila siku. Wali wa jana unapashwa asubuhi, unateremshwa na chai, watu wanakwenda shamba. Sina ugomvi na kiporo. Ugomvi wangu ni namna kinavyolazwa.

Nawa mikono kabla ya kupakua. Mabaki ya sahani ya mtu yasirudi sufuriani. Funika, panya na nzi wasifikie. Hayo kila mama anayajua.

Muda ndio hauzingatiwi. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, maana kati ya nyuzi joto 5 na 60 bakteria wanazaliana kwa kasi. Usiniambie Mbeya kuna baridi. Baridi ya Juni na Julai iko uani. Jikoni makaa bado yanafukuta, madirisha yamefungwa, na sufuria kubwa iliyofunikwa hubaki vuguvugu katikati hadi usiku wa manane.

Julai moja nilikuwa msibani Uyole. Wali ulibaki karibu nusu ya sufuria kubwa, wakaufunika kwa sinia, wakaweka jiwe juu, ukalala kando ya mafiga. Asubuhi ukapashwa hadi ukatoa mvuke, haunuki chochote. Watoto ndio waliotangulia kula. Hata vyombo havijaoshwa, mmoja ameshika ukuta anatapika, akafuata wa pili, mpaka wengine wanatoa nyongo tupu. Minong'ono ya kulishwa sumu ikaanza, na marehemu hajazikwa. Mama aliyepika akajifungia ndani analia.

Hakulisha mtu sumu yule mama. Kutapika ndani ya nusu saa hadi saa sita baada ya kula wali uliolala ni tabia ya bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi wali unapochemka. Ukiuacha vuguvugu zinaamka, bakteria wanaongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata upashe wali mpaka uungue.

Kwa hiyo wali ukibaki, utandaze kwenye masinia mapana upoe upesi, kisha uingie kwenye friji. Huna friji? Wagawie majirani usiku huohuo, au pika kinachoisha. Maharage na nyama ulivyohifadhi kwenye friji vipashwe mpaka vichemke kabisa, mara moja tu. Hotipoti si ya kulazia chakula. Umeme ukikatika, usifungue-fungue friji. Likifungwa litahimili kama saa nne.

Mtoto akitapika, mpe maji ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kidogokidogo, pakiti kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Akilegea, macho yakadidimia au asipokojoa, kimbilia zahanati.

Maziwa nayo yaangaliwe, na supu, na makande. Wali kuku mnaofungasha kwa safari ya Dar uliwe mkifika Chimala, jirani na Mbeya, si Mikumi kule mbali.