Ukitaka kuishi kwa jiografia: maelekezo ya dada wa Mwanga, Kigoma

Tangu nimalize chuo sijaona tangazo la ajira lililoandikwa "anatafutwa mwanajiografia". Wadogo zangu wa kidato cha sita wanaonifuata hapa Mwanga na swali lao la "dada, jiografia inalipa?" nawaeleza hilo kwanza, anayetaka kuhama fani ahame mapema. Kazi zipo, ila zimevaa majina mengine: afisa mipango, afisa mazingira, mtaalamu wa GIS (mifumo ya taarifa za kijiografia, yaani ramani za kompyuta), mtakwimu, mratibu wa maafa, mrasimu ramani (mchora ramani), msimamizi wa data wa mradi, mwalimu. Hapa mkoani utazikuta kwenye halmashauri, kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, kwa watu wa misitu, kwa watu wa hifadhi za Gombe na Mahale, kwenye mashirika yanayohudumia kambi ya Nyarugusu, na kwa wakandarasi wa reli mpya inayotoka Tabora kuja huku. Kwa hiyo ukisoma tangazo, ruka jina la cheo, nenda kwenye majukumu. Ukikuta "kukusanya taarifa za maeneo", "kuandaa ramani", "matumizi bora ya ardhi" au "tathmini ya mazingira", hapo ni kwako. Omba.

Kuna mtu mmoja usijichanganye naye: mpima ardhi. Yule amesajiliwa, ndiye mwenye mamlaka ya kuweka bikoni (alama za mipaka ya viwanja), na karatasi yake inasimama mahakamani. Wewe huna mamlaka hayo, na ukishuka kwenye bodaboda na GPS mkononi, kijiji kizima kitadhani umekuja kukata viwanja. Sema wewe ni nani kabla hujawasha kifaa. Nimeona vikao vikivunjika kwa sababu mtaalamu alianza kubofya kabla ya kusalimia.

Masomo

Michepuo ya kidato cha tano na sita yenye jiografia ni mingi: HGL, HGE, CBG, EGM, PGM (G ni jiografia, M ni hesabu). Ushauri wangu ni wa upande mmoja: kama hesabu hazikushindi kabisa, chukua mchepuo wenye hesabu. Aliyetoka HGL anaweza kufika vilevile, ila takwimu zitamtoa jasho mwaka wa kwanza chuoni.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Jiografia ya siku nyingi. Anayetaka njia fupi zaidi na ya vitendo aangalie Chuo cha Ardhi Tabora, ambako wanafundisha urasimu ramani. Nimefanya kazi na watu wa stashahada waliokuwa wakinipa ramani safi asubuhi, huku mwenye shahada wa meza ya pili bado anatafuta faili lake liko folda gani.

Ukiwa chuoni, usisubiri mhadhiri akufundishe programu. Pakua QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ni ya bure. Picha za satelaiti za Landsat zimekuwa bure tangu 2008, na kumbukumbu zake zinarudi nyuma mpaka 1972. Kila nukta ya Landsat za leo inabeba mraba wa mita 30 kwa 30. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza kurushwa 2015, inashuka mpaka mita 10, nayo ni bure. Gharama yako ni bando, basi. Kaa na hizo picha mpaka uitambue Bangwe ukiiona kutoka juu.

Satelaiti inavyodanganya

Hapa ndipo wengi wanapoachana na kazi nzuri, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Misitu ya Uvinza na Kasulu sehemu kubwa ni miombo, na miombo hupukutisha majani kiangazi. Ukichukua picha ya Aprili ya miaka iliyopita ukaiweka kando ya picha ya Agosti mwaka huu, kompyuta itakuambia msitu umeisha. Haujaisha, umevua nguo tu. Halafu kuna moto wa kiangazi unaoacha madoa meusi yanayofanana na shamba jipya. Linganisha mwezi kwa mwezi uleule. Juni na Julai ndiyo miezi ninayoipenda, kwa sababu mvua zetu huanza kama Novemba na kuishia Aprili au Mei, na katikati ya hapo utapata picha za mawingu matupu.

Mtego wa pili ni michikichi. Mabonde ya huku yamejaa michikichi, na kwa satelaiti mchikichi uliokomaa ni kijani kibichi kilekile cha msitu wa kando ya mto. Nimewahi kusoma ripoti iliyosifu "urejeaji wa misitu" mahali ambapo kila mtu anajua watu wanakamua mawese. Aliyeiandika hakufika.

Mtego wa tatu ni wetu kabisa, watu wa mkoa huu. Mfumo wa UTM, unaotaja mahali kwa mita badala ya digrii, umegawa dunia katika kanda 60, kila moja upana wa digrii 6, na mpaka kati ya kanda ya 35 na ya 36 ni longitudo 30 mashariki. Mstari huo unakatiza mkoa wa Kigoma. Kigoma mjini na Ujiji ziko kanda ya 35 Kusini. Kasulu, Kibondo na Uvinza mjini ziko kanda ya 36 Kusini. Mtu aliyezoea kazi za Tabora, ambako ni 36 kila siku, akija huku bila kubadilisha mpangilio, visima vyake vya Ujiji vitatokea karibu na Kondoa, zaidi ya kilomita 600 mashariki. Mradi mmoja uliwahi kuniletea faili la namna hiyo nilisafishe, na bosi wao alikuwa akisisitiza kwamba tatizo ni intaneti. Afadhali kosa la kilomita 600, maana linaonekana. Kosa baya ni lile la ramani za zamani za 1:50,000, ambazo zimechorwa kwa msingi wa Arc 1960, wakati GPS yako inasoma WGS 84, na kila msingi una namna yake ya kuhesabu mahali. Ukizichanganya, kila kitu kinasogea karibu mita 300. Mita 300 zinatosha kukihamisha kisima kutoka kitongoji kimoja kwenda kingine na kuwagombanisha watu.

Siku kijijini

Sehemu kubwa ya mkate wangu inatoka kwenye mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 zinakipa kijiji nafasi ya kupanga chenyewe wapi pa makazi, wapi pa kilimo, wapi pa malisho, wapi pa hifadhi. Wewe ni mmoja tu wa timu. Yupo afisa ardhi, afisa kilimo, afisa mifugo, mtu wa misitu, na mwenye kauli ya mwisho kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji.

Barua ya halmashauri inatangulia. Ukifika, ofisi ya mtendaji kwanza, halafu mwenyekiti, ndipo wazee. Shikamoo kwa mkubwa haikwepeki, na kama umejifunza "mwakeye" ya Kiha, itumie hata kama lafudhi yako inachekesha. Wakicheka nawe, umeshapokelewa.

Kisha hatutoi laptopu. Tunatafuta kivuli cha mwembe na kuwaomba watu wachore kijiji chao chini, kwenye vumbi. Majivu yanakuwa barabara, vijiti mito, majani ya mhogo misitu, mawe nyumba. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na usiwachanganye mapema. Mara nyingi wanaume huanza na mpaka na mashamba. Wanawake huanza na maji, kuni na njia za kufikia hivyo viwili. Ukiweka ramani hizo mbili pamoja unaona vijiji viwili kwenye ardhi moja.

Kwenye kijiji kimoja cha upande wa Uvinza, baada ya wanaume kumaliza, mama mmoja mtu mzima aliinama akakiokota kijiti kimoja, akakivunja katikati, akarudisha kipande cha juu tu. Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, mto umeupeleka wapi?" Akajibu, "Mwenyekiti, tangu lini ukateka maji pale mwezi wa nane?" Kicheko kilipoisha, tulikuwa na taarifa ambayo picha yangu ya Juni haikuwa nayo: nusu ya chini ya ule mto hukauka, na ndiyo nusu tuliyokuwa tumeanza kuifikiria kwa malisho ya ng'ombe. Ndipo tunapotandika picha kubwa ya satelaiti iliyochapwa, watu wakaonyesha kwa kidole yale waliyochora chini, nasi tukaandika.

Mtu akikuambia kusikiliza wenyeji ni adabu tu, mkumbushe Ujiji. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika pale wakitafuta chanzo cha Nile, wakapanda kaskazini mpaka Uvira. Wenyeji wakawaambia wazi kwamba mto Rusizi unaingia ziwani. Hawakufika kwenye mlango wa mto, na ubishi wa kwamba labda unatoka, na hivyo labda ndio mwanzo wa Nile, uliendelea Ulaya mpaka 1871, Livingstone na Stanley walipoondoka Ujiji kwa mtumbwi wakaenda kujionea. Unaingia. Miaka 13 ya malumbano, na wapiga kasia walikuwa wanajua siku zote.

Jioni ni kazi ya kuchosha: kuhamisha data kabla simu haijazima, kuandika majina ya vitongoji kama wenyeji wanavyoyatamka, na kuhesabu nukta. Fanya usiku huohuo. Kesho utasahau "kisima cha 3" kilikuwa kile cha shule au cha zahanati.

Pesa na mengineyo

Ajira za kudumu serikalini hupita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na ushindani ni mkali. Nje ya hapo ni mikataba ya miezi. Posho ya safari ndiyo inayowavutia wengi, na ndiyo inayochelewa kuliko kitu chochote. Nilishawahi kumaliza kazi nzima, ripoti ikapokelewa, malipo yakaja msimu wa mvua uliofuata. Siku hizi naomba sehemu kabla ya kuanza na naandika kwenye mkataba kwamba kijiji kitabakiwa na nakala ya ramani. Wapo wanaochukua data na kutokomea. Mtendaji akibaki mikono mitupu, mtaalamu anayefuata ndiye atakayepokewa kwa uso uliokunjwa.

Vijiji vya pwani ya kusini, kuelekea Mahale, mara nyingi hufikiwa kwa boti. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa kusini hulichafua ziwa, na ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali pa ndani kabisa. Vaa jaketi la kujiokolea hata wenzako wakikucheka. Kama nahodha amesema leo hatuondoki, hamwondoki.

Anza na hili

Usisubiri mradi. Mfano wa kazi ya kujifunzia uko Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma mjini. Tangu mvua kubwa za 2019 na 2020 ziwa limepanda na kuwafuata watu majumbani. Chukua picha ya Sentinel-2 ya Julai 2018 na nyingine ya Julai ya karibuni. Chora ukingo wa maji kwenye kila moja. Kisha chora mstari wa mita 60 kutoka ukingoni, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli zinazoharibu zikae nje ya umbali huo, uone nini kimeingia ndani. Teremka kwa miguu na simu yako, uulize wachuuzi wa dagaa maji yalifika wapi na mwaka gani, weka nukta kwa kila jibu. Pale mstari wako na nukta zao zinapokataana, rudi tena uulize. Mara nyingi utakuta mtu alikuonyesha mahali wimbi lilipofika siku ya dhoruba na si mahali maji yanapolala.

Weka kila kitu kwenye ukurasa mmoja: kaskazini, kipimo, tarehe za picha, kanda ya 35 Kusini, na aya tatu za maelezo zisizozidi hapo. Peleka nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, muulize kipi si kweli, rekebisha. Hiyo iambatanishe kwenye maombi ya kazi, juu ya cheti.