Upele, mashilingi au baka? Itambue ngozi kabla ya kununua dawa

Nafanya kazi zahanati. Kila wiki huja mtu mwenye mfuko wa tyubu za kupaka, zote nusu, na ngozi bado iko vilevile. Wengi wao dawa waliipata kabla hawajajua wanatibu nini.

Hatua ya 1: Mtoe mgonjwa kwenye mwanga

Mwanga wa jua, si tochi ya simu. Angalia mwili mzima, kisha uliza: nani mwingine nyumbani anajikuna?

Hatua ya 2: Fuata umbo na mahali

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Mara nyingi uvimbe huonekana kama zambarau, kijivu au kahawia iliyokoza. Duara lenye ukingo wa magamba na katikati safi ni mashilingi, yaani fangasi wa ngozi. Kichwani, nywele zikikatika, ni mapunye. Ukoko wa rangi ya asali puani na mdomoni mwa mtoto ni bakteria: safisha kwa maji na sabuni, na vidonda vikisambaa apelekwe apewe antibayotiki. Malengelenge yanayochoma upande mmoja tu wa mwili ni mkanda wa jeshi. Nenda siku hiyohiyo, kwa sababu dawa ya virusi, acyclovir, inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, na pima VVU.

Hatua ya 3: Baka lililopauka, pima ganzi

Sokota pamba iwe na ncha. Mgonjwa afumbe macho, aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa, ukianzia ngozi isiyo na baka. Asipohisi kwenye baka, shuku ukoma. Dawa zake ni bure, za miezi 6 au 12, na kuchelewa ndiko kunakoua neva.

Hatua ya 4: Mashilingi

Krimu ya fangasi, clotrimazole, asubuhi na jioni, hadi nje kidogo ya ukingo, wiki 2 hadi 4. Endelea wiki moja baada ya duara kufutika. Mapunye hayaponi kwa kupaka, yanataka vidonge vya griseofulvin kwa wiki 6 hadi 8, vimezwe na chakula chenye mafuta.

Nakuomba sana: achana na krimu za mchanganyiko. Soma kibandiko; ukiona betamethasone au clobetasol (hizo ni steroidi), rudisha. Mwasho hutulia haraka, fangasi anaendelea kutambaa chini kwa chini, na duara linapoteza umbo hata sisi tunashindwa kulitambua.

Hatua ya 5: Upele

Hapa ndipo watu wanapohangaika miezi. Vipele huwasha zaidi usiku, kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Tazama kwa karibu kati ya vidole: kijistari cha kijivu kilichopinda, cha milimita chache, ni njia aliyoichimba mdudu mdogo anayeleta upele.

Anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa. Kwa hiyo baba anayesema "mimi sina kitu" apake pia, usiku uleule na wengine wote, pamoja na dada wa kazi na mgeni anayelala hapo. Mmoja akiachwa, mnaanza upya.

BBE (dawa ya kupaka ya benzyl benzoate) ya asilimia 25 hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri. Ikae saa 24, rudia usiku wa pili, halafu tena baada ya wiki. Mtoto wa zaidi ya miaka 2, changanya na maji nusu kwa nusu, la sivyo itamuunguza. Kwa mtoto mdogo zaidi na mjamzito mimi huchagua marhamu ya salfa, usiku 3 mfululizo. Krimu ya permethrin ya asilimia 5 ndiyo naipenda kuliko zote, ila bei yake si ya kila nyumba. Ukinawa mikono, paka tena mikono.

Asubuhi fueni nguo na mashuka, yaanikwe juani. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko siku 3 au zaidi.

Mwasho hubaki wiki 2 hadi 4 hata mdudu akishakufa. Usiongeze BBE kila siku. Itakausha ngozi na kuwasha upya. Angalia kama vinatokea vipele vipya.

Hatua ya 6: Usivyovitibu nyumbani

Kidonda kisichofunga, hasa kwa mwenye ualbino, na doa jeusi linalokua kwenye unyayo. Omba rufaa kwa daktari wa ngozi. Kanda ya kaskazini kuna kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi.