Kuiombea barabara ya mtaa wa Malindi pesa za serikali

Masika huku pwani ya Kenya hukolea Aprili na Mei, na hapo ndipo watu huanza kuandamana kwa ajili ya barabara. Lakini makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Hasira inapopanda, hesabu zimeshaandikwa. Kwa hiyo piga picha za barabara Mei, barua ya maombi uipeleke Julai au mapema Agosti: mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa kabla ya tarehe 1 Septemba, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 hairuhusu pesa za umma kutengwa nje ya mipango.

Kabla ya kukusanya sahihi, jua barabara ni ya nani. Barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi hadi Lamu ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Kati ya mamlaka nyingine za barabara, KURA hushughulikia barabara za kitaifa zilizo mijini, KeRRA zile za mashambani. Njia nyingi za mitaani, pamoja na taa na maegesho, ni za Kaunti ya Kilifi. Barua iliyokosea mlango hulala kwenye faili. Mkiwa na shaka, ombeni habari kwa maandishi chini ya sheria ya kupata habari ya 2016; ofisi ina siku 21 za kujibu. Ulizeni nambari ya barabara, mmiliki wake, na kilichotengewa mwaka huu.

Kisha pimeni. Upana wa njia upimwe kwa futikamba kila mita 50, pamoja na nafasi iliyobaki hadi kwenye kuta na vibanda. Hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara, ikiwa imevamiwa, mkandarasi atakwama hata pesa zikiwepo. Hesabuni magari kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, siku tatu, mojawapo iwe Ijumaa. Tuktuk, bodaboda, matatu, malori na waendao kwa miguu kila kundi na safu yake, maana lori moja huichosha barabara kuliko tuktuk nyingi. Maji yaliyotuama yapimwe kina kwa fimbo yenye alama, na muandike yamekaa siku ngapi.

Msiombe lami peke yake. Maji yasipopata mtaro na kalvati, yaani bomba la kuyapitisha chini ya barabara, hupenya chini ya lami, tabaka la chini hulainika, kingo hubomoka, na baada ya misimu michache mashimo yamerudi. Semeni maji yaelekezwe wapi. Kuyasukumia mtaa wa pili ni kuanzisha ugomvi.

Tofautisheni pia ukarabati na ujenzi. Kuziba mashimo, kuzibua mitaro na kuchonga njia kwa greda ni ukarabati, ambao kwa barabara za kitaifa hugharamiwa na ushuru wa mafuta, shilingi 25 kwa lita tangu Julai 2024. Njia mpya ya lami au kabro (matofali ya kutandika) ni ujenzi, nayo hutoka fungu la maendeleo. Mkiyachanganya katika barua moja, kila dawati litawaelekeza kwa jingine.

Barua iwe kurasa mbili, na ramani na jedwali la hesabu zifuatane nayo. Nakala moja ipelekwe kwa mwakilishi wadi, nyingine kwa karani wa bunge la kaunti. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha mrudi nayo Februari, mkakati wa fedha wa kaunti unapojadiliwa.